Kuripoti na kurekebisha hitilafu za kompaila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Maswali haya tunaulizwa karibu kila Jumamosi tunapokutana Nyegezi, na mengine yanakuja WhatsApp kutoka Ilemela, Sengerema, Ukerewe na ng'ambo ya Ziwa. Tumeyaandika hapa ili mtu asome kwanza, kisha aje na lile lililobaki. Mifano mingi ni ya GCC na Clang (kompaila za C na C++) na ya kompaila za lugha za Rust na Go, kwa sababu ndizo tunazozigusa sisi wenyewe.

## Mambo ya msingi

Kompaila nayo inaweza kuwa na hitilafu?

Inaweza, na inazo. Kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandika wewe na kuugeuza kuwa maelekezo ambayo prosesa inayaelewa. Imeandikwa na watu, na kompaila kubwa zina mamilioni ya mistari. GCC ilitoka mara ya kwanza mwaka 1987 na hadi leo inabadilishwa kila siku.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya chombo chao kiitwacho Csmith, ambacho hutunga programu za C kwa kubahatisha. Walikuwa wameripoti hitilafu zaidi ya 325, na kila kompaila waliyoijaribu iliwahi kuanguka na pia iliwahi kutafsiri vibaya kimya kimya, hali msimbo waliokuwa wameipa ni halali kabisa. Kwa hiyo ukikuta hitilafu ukiwa Igoma na laptopu yako ya mtumba, usijione kichaa.

Nitajuaje kama kosa ni la kompaila au ni langu?

Dhani ni lako mpaka uthibitishe vinginevyo. Tumeona kesi nyingi, na zilizokuwa za kompaila kweli ni chache.

Chukua mfano huu, maana sura yake inajirudia sana. Kijana ameandika programu ya C ya kupiga hesabu ya mzigo wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Uzito uko kwa gramu, bei ni ya kilo moja. Gramu 400,000 mara shilingi 8,000, kisha anagawa kwa 1,000. Jibu lilitakiwa liwe shilingi 3,200,000. Skrini inamwonyesha namba hasi ya zaidi ya milioni moja. Anakuja amekasirika, anasema kompaila imeharibika.

Kompaila haina kosa. Zao la ile hesabu ya kwanza ni 3,200,000,000, na `int` ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Namba imefurika. Kwa C, kufurika kwa namba zenye alama ni tabia isiyofafanuliwa, yaani sheria za lugha hazimpi mwandishi ahadi yoyote kuhusu kitakachotokea. Kompaili upya kwa `-fsanitize=undefined` na programu yenyewe itakutajia mstari na kukuambia kwamba 400000 * 8000 haiwezi kukaa ndani ya `int`. Kumbuka pia kwamba lugha hazifanani katika hili: Go na Java zimefafanua kwamba namba inazunguka, na Rust husimamisha programu ukiwa kwenye hali ya majaribio.

Kuna kesi moja ambayo huna haja ya kujishuku hata kidogo: kompaila yenyewe kuanguka. Ukiona `internal compiler error` kwa GCC, au `the compiler unexpectedly panicked. this is a bug` kwa Rust, lawama si yako. Kompaila ikipewa msimbo mbovu kiasi gani, inatakiwa ikuambie umekosea wapi, isife. Lakini soma kwanza sehemu ya mashine zetu hapo chini, kwa sababu kuna kuanguka kunakosababishwa na RAM.

Programu yangu iko sawa kwa `-O0`, nikiweka `-O2` inaharibika. Huo si ushahidi?

Ni dalili tu. `-O0` ni kukompaili bila uboreshaji, `-O2` ni kwa uboreshaji mwingi. Kwa `-O2` kompaila inaruhusiwa kuchukulia kwamba umefuata sheria za lugha. Kama umeandika `if (jumla + uzito < jumla)` ili kukagua kufurika, kompaila inajua kwamba kufurika hakuruhusiwi, kwa hiyo ukaguzi wako inaubadilisha uwe `uzito < 0`. Kinga uliyoitegemea imeondoka, na imeondoka kihalali.

Kabla ya kuripoti GCC, watunzaji wake wanakuomba ukompaili kwa `-Wall -Wextra` na usome maonyo, kisha ujaribu `-fno-strict-aliasing -fwrapv`, zinazolegeza baadhi ya sheria hizo. Tatizo likipotea kwa chaguo hizo, yaelekea kosa liko kwenye msimbo wako. Ongeza `-fsanitize=address,undefined`. Vyote vikinyamaza na jibu bado ni baya, hapo tuanze kuongea.

Naandika maelezo kwa Kiswahili ndani ya `#if 0` na GCC inalalamika kuhusu alama `'`. Ni hitilafu?

Hapana, ingawa tunaelewa kwa nini inauma. Maneno kama ng'ombe na Ng'wanza yana alama moja ya `'`, na hata ndani ya sehemu iliyozimwa kwa `#if 0`, GCC bado inakata maandishi vipande vipande na kudhani hiyo ni herufi iliyofunguliwa bila kufungwa. Mwongozo wa GCC unalitaja jambo hili wazi. Weka maelezo yako ndani ya `/* */` na hutasumbuliwa tena.

Naweza kuripoti kwa Kiswahili?

Miradi hii mikubwa inafanya kazi kwa Kiingereza. Lakini hawahitaji Kiingereza cha mtihani. Ripoti nzuri ni mistari kumi ya msimbo, amri uliyotumia, ulichotarajia na ulichopata, na karibu yote hayo yanaandikwa kwa lugha ya programu. Andika sentensi fupi. Ukitumia mashine kutafsiri, au akili mnemba kukuandikia, hakikisha umeelewa kila sentensi na umejaribu mwenyewe kila amri iliyomo. Ripoti yenye amri ambazo mtumaji hajawahi kuziendesha inawapotezea watu muda, na jina lako litakumbukwa kwa hilo.

## Mashine zetu na umeme wetu

GCC imeniandikia `Killed` na jina `cc1plus`. Niripoti?

Usiripoti. Hilo ndilo swali la kwanza kwa wingi kati ya yote tunayopokea, na jibu lake ni RAM. Mfumo umeishiwa kumbukumbu ukaamua kuua mchakato mkubwa kuliko yote, na mchakato huo ukawa kompaila. Hutokea sana mtu anapoandika `make -j8`, yaani kazi nane kwa mpigo, kwenye mashine ya GB 4. Punguza iwe `-j1` au `-j2`, funga kivinjari, ongeza nafasi ya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM). Endesha `dmesg` na utaona mfumo wenyewe umeandika kwamba kumbukumbu iliisha.

Isipokuwa kama faili ni dogo, la mistari hamsini tu, na linakula GB nzima. Hiyo ni hitilafu halali ya kompaila na inastahili tiketi, yaani ripoti rasmi kwa mradi.

Kosa linakuja na kuondoka. Nikirudia amri ileile, inapita.

Kompaila ikipewa faili lilelile na chaguo zilezile inatakiwa itoe jibu lilelile. Ikianguka leo kwenye faili hili na kesho kwenye lile, tazama vifaa vyako. Kukompaili kunachosha mashine kuliko kazi nyingi, na ndiyo maana RAM mbovu au prosesa iliyochemka huonekana hapo kwanza. Chumba cha bati saa nane mchana, feni imejaa vumbi, laptopu imewekwa juu ya godoro: tumeona yote hayo. Safisha feni, pima RAM kwa memtest86+ usiku kucha, ndipo urudi.

Umeme ulikatika katikati ya kukompaili. Sasa kila kitu kinagoma.

Kuna mafaili ya `.o` (matokeo ya kukompaili kila faili) yaliyobaki matupu au nusu. Chombo cha kujengea kinaona faili lipo, kinadhani kazi ilikwisha. Endesha `make clean` au futa folda yote ya kujengea, safisha na akiba ya `ccache` kama unaitumia (`ccache -C`), kisha anza upya. Zaidi ya mara moja tumemsaidia mtu kuandika ripoti nzima, na ikaja kufutwa na amri hiyo moja.

## Kuandika ripoti

Niweke nini kwenye ripoti?

Toleo la kompaila (`gcc -v`, `rustc --version --verbose`, `go version` pamoja na `go env`), mfumo wa uendeshaji na aina ya prosesa, amri kamili uliyoandika, msimbo unaoonyesha tatizo, ulichotarajia, na maandishi yote yaliyotoka. Yawe maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haiwezi kunakiliwa wala kutafutwa, na ndiyo njia ambayo watu wa hapa wanapenda kututumia.

Go ina amri ya `go bug` inayokujazia nusu ya fomu. Kwa GCC, chaguo la `-freport-bug` hukuandalia faili lenye msimbo uliokwisha kuchakatwa. Clang ikianguka hukuachia mafaili mawili kwenye folda ya muda, moja la msimbo na jingine la amri, na kukuambia yako wapi. Yaambatanishe yote mawili.

Taja pia aina ya hitilafu. Kuanguka ni moja. Nyingine ni kukataa msimbo halali, kukubali msimbo batili, kutoa ujumbe unaopotosha, au kukompaili polepole kupita kiasi. Mbaya kuliko zote ni kutafsiri vibaya kimya kimya, kwa sababu mtumiaji hajui chochote mpaka hesabu za duka lake zikataliane.

"Punguza programu yako." Kila mtu ananiambia hivyo. Ndiyo kufanya nini?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mtu jambo moja tu ningemfundisha hili.

Una mistari 3,000 inayoiangusha kompaila. Mtunzaji hana muda wa kuisoma. Nakili folda nzima, kisha anza kufuta. Futa nusu ya msimbo, kompaili. Bado inaanguka? Vizuri, futa tena. Haianguki? Rudisha ulichofuta, futa nusu nyingine. Badilisha maktaba za nje kwa matamko matupu. Badilisha majina marefu yawe `a` na `b`. Ukifika mahali ambapo kufuta mstari wowote kunaondoa tatizo, umemaliza. Mara nyingi hubaki mistari mitano hadi ishirini. Na mara nyingi pia, katikati ya safari, unaliona kosa lako mwenyewe na ripoti haihitajiki tena.

Vipo vyombo vinavyofanya kazi hii wakati umelala: C-Reduce na mdogo wake C-Vise. Unaviandalia skripti fupi inayojibu swali moja, "bado tatizo lipo?":

```
#!/bin/sh
gcc -O2 -c mfano.c 2>&1 | grep 'internal compiler error: in fold_'
```

Angalia kwamba skripti inatafuta ujumbe hasa ulioupata wewe, pamoja na jina la sehemu iliyoanguka. Ukitafuta neno `error` peke yake, chombo kitakuletea faili lenye mstari mmoja uliokosewa tahajia, kwa sababu nalo linatoa kosa. Na kama hitilafu yako ni ya kutafsiri vibaya, skripti ipitishe pia ukaguzi wa `-fsanitize=undefined`, la sivyo utaishia na programu ndogo yenye tabia isiyofafanuliwa na tiketi itafungwa siku hiyohiyo. Kwa lugha nyingine nje ya C, jaribu chaguo la `--not-c`. Matokeo si mazuri kama ya C, lakini yanasaidia.

Sina bando la kupakua matoleo kumi ya kompaila ili nijaribu.

Tumia Compiler Explorer, godbolt.org, iliyoanzishwa na Matt Godbolt mwaka 2012. Unabandika msimbo wako mdogo kwenye kivinjari na kuchagua kati ya matoleo mengi ya GCC, Clang, Rust au Go, hata lile la maendeleo ya usiku uliopita. Kazi inafanyika kwenye seva yao, wewe unatumia kilobaiti chache. Ndiyo sababu nyingine ya kupunguza programu kwanza: mistari kumi inabandikika, mradi mzima haubandikiki.

Hakikisha umejaribu toleo jipya kabisa. Ubuntu 22.04 inakuja na GCC 11 na Ubuntu 24.04 na GCC 13. Hitilafu unayoiona huenda ilirekebishwa zamani.

Msimbo ni wa mteja. Naruhusiwa kuutuma?

Usiutume. Tiketi hizi zinaonekana na dunia nzima na hazifutiki kirahisi, na faili lililochakatwa linabeba pia msimbo wa mafaili uliyoyaingiza. Punguza kama ilivyoelezwa juu, ubadilishe majina yote, uondoe nywila na anwani. Mistari kumi inayobaki haitakuwa na siri ya mtu.

Nimeripoti siku tatu zilizopita, kimya.

Subiri. Wengi wa wanaosoma wana kazi nyingine, na saa zao si zetu: saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja au saa mbili usiku hapa Mwanza, kutegemea msimu wao. Wakikuuliza swali, jibu haraka hata kwa simu. Zikipita wiki kadhaa, ongeza taarifa mpya, kwa mfano kwamba toleo lililotoka juzi bado lina tatizo. Kuandika "vipi hapa?" peke yake hakumsaidii yeyote.

## Kurekebisha mwenyewe

Mimi si mtaalamu wa kompaila. Nitaweza kurekebisha?

Anza na ujumbe wa makosa. Mahali ambapo kompaila inaonyesha nafasi isiyo sahihi kwenye mstari, au inapendekeza neno lisilofaa, marekebisho mara nyingi ni mistari michache. Rust huweka alama ya `E-easy` na `E-mentor` kwenye tiketi zinazofaa wageni. Na usidharau jaribio: tiketi nyingi zilizokwisha kurekebishwa kwa bahati hukaa wazi kwa kukosa tu mtu wa kuandika jaribio litakalozuia hitilafu isirudi. Huo ni mchango kamili.

Laptopu yangu ni ndogo. Naweza kujenga kompaila nzima?

Go ndiyo nyepesi. Ukishakuwa na Go ya zamani kidogo ya kuanzia, `make.bash` inamaliza kwa dakika chache kwenye mashine ya kawaida. Rust, weka `download-ci-llvm = true` ili usijenge LLVM, msingi ambao Rust na Clang zinautumia kutoa maelekezo ya mashine. GCC, `--enable-languages=c --disable-bootstrap --disable-multilib` inapunguza kazi kwa kiasi kikubwa. LLVM ndiyo nzito: jenga kwa ajili ya prosesa yako tu, aina ya Release, na `LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`, maana kuunganisha ndiko kunakomeza RAM.

Kuhusu bando, `git clone --depth 1` inaleta msimbo wa kompaila ulivyo leo bila historia. Ila haitakufaa kwa swali linalofuata. Huko tumia `--filter=blob:none`, historia inakuja na mafaili yanapakuliwa pale tu yanapohitajika.

Toleo la zamani lilikuwa sawa, jipya limeharibika. Nitapataje badiliko lililoleta tatizo?

Kwa `git bisect`. Ni kama fundi umeme anayetafuta waya uliokatika ndani ya ukuta: anapima katikati, anajua upande gani ni mzima, anaenda katikati ya nusu iliyobaki. Mabadiliko 1,000 yanahitaji majaribio kama kumi. Skripti uliyoiandika kwa ajili ya kupunguza inaweza kubadilishwa kidogo ikafanya kazi hapa, kwa `git bisect run`. Rust ina `cargo-bisect-rustc` inayopakua matoleo ya kila usiku yaliyokwisha kujengwa. Unalipa kwa bando badala ya kulipa kwa saa za kujenga.

Ukitaja badiliko lenyewe kwenye tiketi, aliyeliandika ataitwa, na mambo huenda haraka kuliko njia nyingine yoyote tuliyoijaribu.

Nimepata sehemu yenye kosa. Kiraka, yaani badiliko la kurekebisha, kinatumwaje?

Andika jaribio kwanza, ulione likishindwa. Rekebisha, ulione likipita. Kisha endesha majaribio yote kabla na baada ya badiliko lako na ulinganishe, kwa sababu baadhi huwa yanashindwa tangu zamani na hutaki kubebeshwa. Usichanganye humo usafi wa nafasi na majina, utume peke yake.

Njia ya kutuma inatofautiana. Viraka vya GCC vinakaguliwa kwa barua pepe, LLVM ilihamia GitHub kwa ukaguzi mwaka 2023, Rust iko GitHub. Kwa Go unasaini makubaliano ya mchangiaji kwanza. GCC tangu Juni 2021 haidai tena ulikabidhi shirika la Free Software Foundation (FSF) hakimiliki. Unaweza kuweka mstari wa `Signed-off-by` unaothibitisha kwamba kazi ni yako na una haki ya kuitoa. Kama umeajiriwa, muulize mwajiri wako kabla, kwa maandishi.

Mkaguzi akirudisha kiraka mara tatu, ni kawaida. Rekebisha alichosema, jibu kila hoja.

## Kesi za pembeni

Nikiongeza `printf` ili nione kinachotokea, tatizo linatoweka.

Kuongeza mstari kunabadilisha jinsi kompaila inavyopanga rejista na kumbukumbu. Mara nyingi maana yake ni kigezo ambacho hakijapewa thamani au kuandika nje ya safu (array), yaani kosa lako. Pitia Valgrind (chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu) na zile chaguo zilizotajwa kwenye swali la `-O2`. Kama bado unashuku kompaila, linganisha maelekezo ya mashine yaliyotoka kwa `-S` badala ya kuongeza `printf`.

Wamefunga tiketi yangu na kusema si hitilafu. Nimeonewa?

Soma sababu waliyoandika, polepole. Tiketi namba 323 ya GCC, ya mwaka 2000, inahusu hesabu za desimali zinazotoa majibu tofauti kutegemea kiwango cha uboreshaji. Chanzo ni sehemu ya x87 ya prosesa za zamani za Intel, inayokokotoa kwa biti 80 ndani na kukata pale thamani inapoenda kwenye kumbukumbu. Watu wamebishana humo kwa miaka mingi, na tiketi nyingi za baadaye zimeunganishwa nayo. Hatimaye GCC 4.5 ilileta `-fexcess-precision=standard` kwa C, na prosesa za biti 64 hutumia njia nyingine kwa kawaida. Waliokuja na hasira tu hawakuongeza kitu kwenye mjadala ule.

Ukiwa na kifungu cha hati rasmi ya sheria za lugha kinachokuunga mkono, kitaje na uombe wafungue tena. Ukiwa huna, kubali.

Kiraka kimekubaliwa. Kitafika lini kwenye mashine za wateja wangu?

Si leo. Rust hutoa toleo kila wiki sita, Go mara mbili kwa mwaka, GCC toleo kubwa mara moja kwa mwaka. Ukiona hitilafu ni nzito, omba badiliko lirudishwe kwenye matawi ya matoleo yanayotunzwa bado, ueleze kwa nini.

Kwa wakati huo, zunguka tatizo: andika mstari ule kwa namna nyingine, au zima uboreshaji kwenye faili hilo moja tu. Juu yake weka maoni yenye namba ya tiketi na toleo litakalokuwa na marekebisho, ili atakayekuja baada yako ajue ni lini anaruhusiwa kuufuta.